Nilivyoenda Bukavu Kupunguza Maziwa, na Sifa Alivyosema Mbele ya Munganga

Tangu nirudi, kila mutu ananiuliza. Ku soko bananiuliza, ku pompe ya maji bananiuliza, hata ku mulango wa kanisa mama mumoja alinivuta kando akatazama kifua changu kama vile nimeiba kitu. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, atakayejua kusoma awasomee bengine siku ya chama chetu cha kulima, halafu muniache. Mambo ya makaratasi na namna tulipata nafasi siyaandiki. Ni mutoto wangu Amisi alihangaika nayo, na hayana utamu.

Batu banasema nilienda kutafuta uzuri. Na miaka yangu hii? Nimezaa batoto saba, nimezika babili, meno yamebakia ya kuhesabu. Uzuri wa kupeleka wapi? Nilienda juu ya shamba. Mwaka uliopita muliniona: mistari mitatu ya mahindi, nikakaa chini kama mugonjwa. Nikiinama na jembe, maziwa yananivuta mbele kama mutoto wa miaka mibili amening'inia ku shingo. Mikanda ya sutien ilichimba mabega, ukiweka kidole kinalala ndani. Chini ya maziwa, wakati wa joto, ngozi ilikuwa inafunguka, inatoa maji, inanuka. Nilikuwa naweka kitambaa na unga wa muhogo. Munganga wa hapa alinipa pomade miaka mine, kisha siku moja akasema, "Mama, pomade haiwezi kupunguza muzigo. Bukavu kuko banaopunguza."

Nilitaka kitu kimoja tu: mvua ya mwezi wa tisa inikute na nguvu ya kulima. Mwenye shamba linalolala anakula ku mikono ya bengine, na mi sijazoea.

Ikabaki nani wa kunisindikiza. Batoto bangu banawake babili, mumoja iko Kalemie, mwengine ng'ambo ya ziwa. Akabaki Sifa, muke wa Amisi. Hapo njo shida. Kwetu mama mukwe hafungui kifua mbele ya muke wa mutoto wake. Na muke wa mutoto hamupingi mama mukwe mbele ya mugeni, hata kama jua limekuwa jeusi. Sifa ameishi kwangu miaka tisa na ameshika yote hayo vizuri. Ni mimi nilimufundisha, na sikumufundisha kwa upole. Sasa njo awe garde-malade wangu, mutu wa kukaa karibu na kitanda, kunipikia na kuniosha. Nikamuambia Amisi atafute mwengine. Akasema, "Mama, hakuna mwengine." Basi.

Baraka mpaka Uvira

Tulitoka Baraka mwezi wa saba, mavumbi ya kutosha. Jeep ilikuwa nzuri mpaka karibu na Lusenda, hapo ikatoa sauti kama mbuzi na kusimama. Shofere akalala chini yake. Kila mara tukimuuliza, miguu yake inajibu, "Dakika tano." Tulikaa pale saa tano nzima.

Heri ilikuwa karibu na kambi ya bakimbizi, nikamutuma Sifa kumuita Mama Nahimana. Munamujua, yule Murundi anayelima shamba linalopakana na langu. Alikuja na sahani ya maharagi na ndizi ya kupika, moto bado, na wimbo wake wa salamu ambao hauishi haraka. Nilipomuambia ninaenda wapi akashika mudomo.

"Banakata yote?"

"Banapunguza."

"Na ile banapunguza banapeleka wapi?"

Hilo swali sikuwa nimelifikiri, na lilinisindikiza mpaka Bukavu. Kisha akasema, "Mvua ikikutangulia, nitapanda mistari yako. Usiharakishe kidonda." Nikamujibu mvua haitanitangulia. Akacheka kidogo, akachukua sahani yake.

Mbele ya Makobola kulikuwa barrière ya askari, kamba imekata njia. Askari mumoja mwanamuke, musichana wa kutosha kuwa mujukuu wangu, alipita akitazama batu ndani ya jeep, akafika kwangu akasimama.

"Mama, umeficha nini mu kifua?"

Kweli banawake banapitisha vitu mu kifua, mi najua, sikumukasirikia. Nikamuambia, "Mutoto, ninachoficha nilipewa na Mungu, na ninaenda Bukavu kukirudisha nusu."

"Shuka."

Nikashuka. Akanipeleka nyuma ya kibanda, akagusa huku anageuza macho. Akatoa kakopo kangu ka tumbako, maana njo mahali ninakokaweka, chini ya ziwa la kushoto, hakajawahi kuanguka.

"Njo hii?"

"Njo hiyo. Tumbako ya Kilembwe. Unataka?"

Alicheka mpaka akashika bunduki na mikono mibili. Akanirudishia kopo na kusema, "Koko, pita," kama mujukuu anayeita bibi yake. Tuliporudi mu jeep mwanaume mumoja akauliza balinikuta na nini. Nikavuta kidogo ku pua, nikapiga chafya.

Ninaandika ya kopo hapa, maana lina kazi yake mbele.

Uvira mpaka Bukavu

Uvira tulilala ku ndugu ya baba ya Amisi. Balitupa mukeke wa kuchoma na bugali, samaki mukubwa, kichwa njo bakaweka ku sahani yangu. Asubuhi tukashika gari lengine. Ku Sange tulisimama kula wali wa bonde na maharagi. Wali ni muzuri, maharagi yalikuwa na mawe. Nilimuambia mwenye kupika, akasema mawe hayako, ni meno yangu. Nikamuonesha jiwe. Akalitazama, akasema, "Hilo ni la kwanza leo." Sikubishana naye, nilikuwa na njaa.

Kisha Kamanyola, na baada yake Ngomo. Asiyepita Ngomo asinisimulie mambo ya njia. Barabara inapanda mulima kama nyoka, upande mumoja ukuta, upande mwengine hakuna kitu. Fuso moja ilikuwa imekufa mu kona na magari yote yakasimama nyuma yake. Batu balishuka, bakakaa ku mawe. Banawake ba pale bakatoka na ndizi na miwa, utazani balijua. Mi nilikaa ndani. Kila kuruka kwa gari kulikuwa kumenirudi ku shingo, na kichwa kilikuwa kinauma mpaka ku macho. Sifa alitaka kukunja kitenge anisaidie kushika kifua. Nikamuambia nina mikono.

Bukavu tulifika jua linaingia, na baridi. Mutu wa ziwani hajui baridi ile.

Mbele ya munganga

Tulifikia ku Kadutu, mutaa wa ngazi nyingi, kwa Mama Josué, dada mukubwa wa Sifa. Kuingia nyumba ya bakwe si kitu kidogo. Balichinja kuku. Nilikula paja, nikakaa wima, nikajibu salamu zote. Kesho yake ku hospitali.

Munganga alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini, mikono safi. Akasema nivue. Nikamutazama Sifa. Sifa akageukia ukuta bila kuambiwa. Nikavua.

Sasa musikilize vizuri, hasa wewe Mama Furaha, najua juu ya nini unaniuliza zaidi ya bengine. Munganga aliniambia mambo haya, na hakuficha. Kovu halikosekani: moja linazunguka chuchu, moja linashuka chini, moja linalala chini ya ziwa lote. Ku ngozi yetu nyeusi kovu linaweza kuvimba na kubaki nene. Chuchu inapandishwa juu, inaweza kupoteza kusikia, kwa muda ao kwa siku zote. Maziwa mabili hayawezi kulingana kabisa. Na mwanamuke anayezaa bado, anaweza kukosa kunyonyesha kisha, ao kunyonyesha kidogo tu. Mi nilimaliza kunyonyesha zamani. Wewe bado. Uliza hiyo kwanza, mbele ya yote, na bwana wako asikie.

Balinipiga picha ya ndani ya maziwa kutazama kama hakuna ugonjwa mubaya umejificha. Balipima damu, sukari, presha. Nikamuuliza lile swali la Mama Nahimana. Hakucheka. Akasema kipande kinaenda kuchunguzwa, na inayobaki inateremshwa mu shimo la hospitali, na shimo linafunikwa. Nikasema basi ni kaburi. Akasema, "Njo hivyo, Mama."

Halafu akaanza kuuliza na kuandika. Nimezaa mara ngapi. Nimepasuliwa tena? Dawa gani nakunywa. Kisha: "Unavuta sigara?"

"Hapana. Tangu nizaliwe, sigara haijagusa mudomo wangu."

Na ni kweli. Kwetu sigara ni ya banaume na ya banawake ba mahali pa pombe. Tumbako ya ku pua ni kitu kingine, ni ya bamama bazima, koko yangu alivuta, mama yangu alivuta, inafungua kichwa. Hakuna aliyewahi kuniambia ni familia moja. Ku ukuta nilisikia Sifa anakohoa. Nikazani ni baridi.

Siku ya tatu balisema nije, kesho yake asubuhi ninapasuliwa. Munganga akanisimamisha, akachukua kalamu nene ya rangi ya buluu, akanichora ku kifua, mistari huku na huku, kama fundi anayekata nguo. Sifa alikuwa ameshika kitenge changu, macho chini. Munganga anachora huku anaeleza: chuchu haikatwi ikatupwa, inabaki imeshikiliwa na kipande kidogo cha nyama, na damu inapita mu kile kipande tu. Damu isipopita vizuri, chuchu inakufa, kidonda kinaoza, na mutu anakaa miezi.

"Munganga, samahani."

Ni Sifa. Sikuamini kama ni sauti yake.

"Mama anavuta tumbako. Si ku mudomo. Ku pua. Kila siku, tangu nimujue. Na asubuhi hii amevuta."

Munganga akasimamisha kalamu. Akanitazama. Mi nikamutazama Sifa, na munajua namna ninatazama. Hakuinua macho, lakini hakurudisha neno.

"Ni kweli, Mama?"

"Umeniuliza sigara," nikasema.

"Ni kosa langu, nilipaswa kuuliza tumbako." Akafunika kalamu yake, ikalia *tak*. "Tumbako inabana mishipa ya damu. Ikipita mudomo, ikipita pua, ni moja. Sitakupasua kesho. Wiki ine bila hata kidogo, halafu turudi hapa."

Nikahesabu ku vidole. Wiki ine, na kupona kwake. Mvua itanitangulia.

Wiki ine ku Kadutu

Nilipanda ngazi za Kadutu na mistari ya buluu chini ya blouse, na sikumusemesha Sifa. Ile rangi haitoki. Nilisugua na sabuni, nilisugua na majani, siku ine nilikuwa bado na ramani ku kifua.

Kwa bakwe hauwezi kugombana. Hauwezi kupiga kelele mu nyumba ya dada yake, unakula kuku wao. Nikitaka maji, nilimuambia Mama Josué, "Mutu fulani aniletee maji." Sifa analeta, anaweka, anarudi. Jioni balipika sambaza, vile visamaki vya ziwa lao, na bakasifu. Nilisema ni vizuri. Ndakala, dagaa wa ziwa letu, ni muzuri zaidi, lakini nilikuwa mugeni.

Na kichwa! Asiyeacha tumbako hajui. Siku ya tatu nilimutukana jogoo. Kopo lilikuwa bado mahali pake, chini ya ziwa la kushoto. Nililigusa mara ngapi sijui. Nilijiambia kidogo tu, munganga ataonea wapi.

Mwisho wa wiki ya kwanza balinirudisha ku hospitali kupima presha. Ku banki, kile kiti kirefu cha kungojea, nilikaa na mama mumoja wa Walungu, mwenye miaka kama yangu, naye alipunguzwa. Alikuwa amekuja kubadilishwa pansement, vitambaa vya kidonda, kwa mwezi wa tatu.

"Mbona muda mwingi hivyo?" nikamuuliza.

Akatazama kama hakuna mwanaume karibu, akafungua blouse, akainua kitambaa. Sitaandika yote niliyoona. Upande mumoja ulikuwa umepona. Upande mwengine ulikuwa mweusi na umeingia ndani, na chuchu haiko.

"Baliniuliza kama navuta," akasema. "Nikasema hapana. Mutoto wangu alikuwa amekaa karibu, anajua, akanyamaza. Kwa heshima." Akafunga blouse. "Sasa jembe linanitazama, nami nalitazama."

Alisema bila kulia, kama mutu anayesema bei ya chumvi.

Sifa alikuwa amekaa upande wangu mwengine, amesikia yote. Nikaingiza mukono mu kifua, nikatoa kopo, nikamuwekea ku magoti. Akalifunga mu kona ya kitenge chake, mafundo mabili.

Siku hiyo nikasema, "Sifa, niletee maji." Mama Josué akanitazama, akamutazama mudogo wake, akaingia jikoni kwa haraka. Nilimusikia anacheka na sufuria.

Wiki ine zilipoisha munganga akauliza tena, safari hii vizuri: sigara, tumbako ya pua, ya kutafuna, ya aina yoyote. Nikasema, "Muulize huyu."

Sifa akasimama sawa. "Ameacha, munganga. Amenuna mwezi muzima, lakini ameacha."

"Andika hivyo," nikasema. "Hata ya kununa."

Siku yenyewe

Balinichora tena. Balisema nisile na nisikunywe, nikatii. Balinisukuma mu kitanda chenye magurudumu, taa zinapita juu. Mwanamuke mwenye kitambaa ku mudomo akaniambia nihesabu. Nilifika tano.

Nilipoamka jua lilikuwa ku dirisha lengine. Kifua kilikuwa kimefungwa, kizito, na kila upande tuyo moja ya mupira inatoa damu mu kichupa. Usiogope zile tuyo ukiziona, balizitoa siku ya pili, zinauma kama kung'olewa mwiba, basi. Maumivu yalikuwepo, sitadanganya, lakini nimezaa saba. Kilichonisumbua zaidi ni kutapika, ile dawa ya usingizi, na kulala chali. Mi ni mutu wa kulala upande. Wiki nyingi chali, kama maiti.

Munganga akaja akasema balitoa karibu kilo moja na nusu kila upande. Nikafikiri: pande zote mbili, hiyo ni mutoto wa kuzaliwa, muzima, nilikuwa namubeba bila kumupumzisha.

Halafu ikafika kuoshwa. Mikono haipandi juu ya mabega, huwezi hata kujifunga kitenge. Sifa akaleta beseni na kitambaa. Akaanza kunipangusa mugongo, uzuri. Alipofika mbele akageuza uso ku ukuta, anapangusa kwa kubahatisha, na maji yote yakamwagika ku kitanda.

"Tazama unachofanya!"

"Mama, heshima..."

"Heshima imelowesha shuka. Geuka, tazama, kisha uniambie kama kidonda ni chekundu."

Akageuka. Akatazama polepole, pande zote mbili, kama mutu anayechagua mbegu. "Si chekundu, Mama. Chuchu ziko. Zote mbili." Kisha akaongeza, "Ni kidogo. Ni kama za musichana."

"Funga mudomo, osha."

Alicheka, na nami nikacheka, ikaniuma ku nyuzi, nikamukataza kucheka. Tangu siku hiyo alinifunga na kunifungua asubuhi na jioni. Sutien ya kubana inakaa mchana na usiku. Ukienda, peleka mbili, moja ikioshwa nyingine iko ku mwili, na ziwe za kufungia mbele. Na pini. Pini zilikuwa zinapotea kila siku mpaka Sifa akaziweka mu lile kopo langu, alikuwa ameliosha na majivu.

Kurudi

Munganga alitushika Bukavu mpaka vidonda vilipojifunga na majibu ya kile kipande yakafika, hakuna ugonjwa. Akasema: muzigo hapana, jembe hapana, mpaka itimie wiki sita, na baada ya hapo kidogo kidogo. Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema, "Huyu atakuambia," akamuonesha Sifa. Bamezoeana.

Ngomo tuliishuka na muto mbele ya kifua, Sifa ameushika upande mumoja, mi upande mwengine. Nilikuwa bado na mikono, lakini sikumuambia.

Mvua ilitukuta kisha ya Uvira. Nilijua ku shamba imenitangulia zamani. Harufu ya udongo ikaingia mu gari na hakuna aliyeifurahia kama mi, wala aliyeichukia kama mi. Mbele kidogo gari likazama mu matope. Shofere akasema batu bote bashuke, basukume. Nikashuka, nikasimama kando. Bwana mumoja mwenye kofia akaniita.

"We mama mwenye nguvu, kuja! Unatazama tu?"

"Nimepasuliwa."

"Wapi?"

Jeshi zima la basukumaji bakageuka kungoja jibu. Nikafungua mudomo, lakini Sifa alinitangulia, matope mpaka ku magoti, mikono ku gari.

"Amepasuliwa. Wewe ni munganga? Sukuma."

Bwana wa kofia akasukuma. Miaka tisa sikujua Sifa iko na sauti hiyo ndani.

Shamba

Nilifika, mahindi yangu yalikuwa yametoka, kipimo cha kidole. Mama Nahimana alikuwa amepanda mistari yangu yote kwanza, kisha yake mwenyewe. Mistari aliyonipandia haikunyooka. Nilimuambia. Akasema, "Karibu nyumbani."

Wiki zilizobaki nilikaa ku jiwe, nikamuonesha Sifa kwa kidole mahali pa kupalilia. Munajua namna ile kazi ilininyonga. Chuchu ya kulia haisikii kitu mpaka leo, ya kushoto inasikia kidogo. Kovu la chini linawasha mvua ikikaribia. Ziwa moja limezidi lingine kidogo, Sifa njo anasema, mi sioni. Chini ya maziwa ngozi ni kavu, hakuna kitambaa, hakuna unga. Ku mabega zile njia za mikanda ziko bado, nafikiri nitazikwa nazo.

Munaniuliza mambo ya kujua mbele ya kwenda. Nimewaambia: kovu, chuchu, kunyonyesha, tumbako, sutien mbili. Lakini Mama Furaha, ukija kuchagua wa kukusindikiza, usichague yule anayekuogopa. Ao kama anakuogopa, muambie mbele ya kutoka nyumbani kwamba huko amepewa ruhusa. Mi sikumuambia Sifa. Alijipa mwenyewe, na kama asingejipa, ningekuwa ku ile banki na mama wa Walungu.

Wiki sita zilitimia siku ya kazi, nikachukua jembe dogo, lile la batoto, nikaingia mu mustari wa mwisho, karibu na Mama Nahimana. Nikainama. Nilingoja ule muvuto wa mbele, kama unavyongoja mutu aliyezoea kukusukuma. Haukuja. Kifua kilibaki kwangu. Nikapalilia shina moja, la pili, la kumi, sikujinyoosha, shingo haikuita. Nikafika mwisho wa mustari na majani mu mukono, nikageuka kushika mwengine.

"Mama," Sifa akasema, iko anapalilia nyuma yangu. Mama Nahimana akainua kichwa kusikia. "Leo inatosha."

Jua lilikuwa bado kusimama, na mustari ulikuwa mbele yangu, muzuri, udongo laini.

Nikamupa jembe.